Swali mbele ya mwalimu, swali mbele ya Mungu

Wenzangu kadhaa wanaofundisha vyuoni hapa Kindu wanasema wanafunzi wa siku hizi hawafikiri. Wanayasema hayo wakiwa wanasahihisha mitihani, na ukichukua karatasi chache kutoka kwenye lundo lao utaona wanachokiona wao: jibu ni lilelile, maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, hata kosa la uchapaji lililomo kwenye silabusi limenakiliwa lilivyo.

Mimi nafundisha mantiki mwaka wa kwanza, na neno hilo silikubali. Vijana haohao nawasikia nje ya darasa. Msimu wa 2024-2025, Maniema Union yetu ilipoingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika na kupangwa pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na FAR Rabat, nilisikia chini ya miembe mabishano ambayo ningeyapa alama za juu. Mmoja alidai safari ndefu ndizo zitakazotumaliza. Wa pili akamwuliza kama wapinzani wetu wao hawasafiri. Wa tatu akawasimamisha wote wawili: tenganisheni uchovu wa wachezaji na umaskini wa klabu, hizo ni sababu mbili, msizifunge pamoja. Huyo wa tatu alipata alama kumi juu ya ishirini katika somo langu, kwa sababu mtihani wake ulikuwa silabusi yangu iliyoandikwa upya kwa kalamu ya bluu.

Watu wana maelezo mawili ya jambo hili. La kwanza ni desturi: kwetu mtoto hamhoji mkubwa. La pili ni dini: mtu aliyelelewa kuhifadhi sura au katekisimu hawezi tena kuuliza. Nimeishi karibu na yote mawili, baba yangu akiwa mwalimu wa madrasa kule Kasongo na mimi nikiwa nimesoma sekondari kwa masista, na naamini desturi na dini zinasingiziwa. Kinachowafunga vijana wetu midomo ni hofu. Hofu hiyo ina historia, na sisi tunaoshika alama ni miongoni mwa walioitengeneza.

Kila mwaka naandika ubaoni kisa cha kubuni. Mtumbwi unaondoka Alunguli jioni kuvuka Lualaba kuja upande wa Kasuku. Umepakiwa watu na magunia ya mchele kupita kiasi. Katikati ya mto upepo unaanza, mtumbwi unapinduka, na wote wanaokolewa isipokuwa kijana mmoja. Juma lililotangulia kijana huyo aligombana na shangazi yake, naye shangazi akasema mbele ya majirani: utaona. Matanga hayajaisha, watu wanaelekea nyumbani kwa shangazi. Nauliza darasa: tunajua nini, na tumekijuaje?

Waliosoma sayansi hujibu haraka. Uzito, upepo, kijana hakujua kuogelea, kesi imekwisha. Mwaka mmoja binti mkimya kutoka Kailo alisimama akasema: “Mama, hawa wamejibu namna gani. Hawajajibu juu ya nini. Ndani ya mtumbwi kulikuwa watu wengi wasiojua kuogelea. Juu ya nini yeye?”

Kwa Kiswahili chetu “juu ya nini” ni “kwa nini”. Darasa lilinyamaza, kisha baadhi wakacheka, nikawakataza. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, E. E. Evans-Pritchard, alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao wengi wao wanaishi huku kwetu Uele na wengine Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Anaeleza ghala la nafaka linaloanguka na kuwajeruhi watu waliokaa chini yake kukimbia jua. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Binti wa Kailo hakuwa amekiona kitabu hicho. Alilifikia swali kwa akili yake mwenyewe, akisimama peke yake dhidi ya wenzake waliokuwa na haraka ya kumaliza.

Na swali lake ni halali. Ndilo swali la Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo wa darasa lile wote wanamjua. Mwalimu anayelifuta kwa kusema “hiyo ni imani ya kijijini” anamfundisha mwanafunzi kitu kimoja tu: kwamba maswali yake makubwa hayana nafasi chuoni, na ayapeleke kwingine. Atayapeleka kweli, kwa mtu wa kwanza atakayempa jibu, na jibu hilo huenda likawa jina la shangazi.

Kwa hiyo tulikaa na swali lile hadi kengele. Tulichofanya ni kulitenga na tuhuma. “Juu ya nini yeye?” ni swali ambalo mtu anaweza kumwuliza Mungu na kulibeba maisha yake yote bila jibu, na asimdhuru yeyote. “Shangazi ndiye aliyemuua” ni tamko juu ya mtu mwenye mwili, mwenye nyumba inayoweza kuchomwa, na anayelitamka anadaiwa ushahidi. Wanafunzi wenyewe ndio walioleta maandiko. Kijana mmoja Mwislamu alikumbusha kwamba sura ya Al-Hujurat inaamuru habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutojua. Mmethodisti aliyekaa mbele yake akaongeza kwamba sheria ya Musa haimhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Mantiki yote ya saa ile waliitoa kwenye dini zao. Mimi nilishika chaki tu.

Miezi michache baadaye niliuliza kwenye mtihani tofauti ya sababu na lawama. Binti wa Kailo aliandika fasili ya ukurasa wa nane, neno kwa neno, bila mtumbwi, bila Ayubu, bila chochote chake. Nilimwita nikamwuliza imekuwaje. Alishangaa kidogo kwamba silijui jambo lililo wazi hivyo.

“Mama, darasani nilikuwa naongea. Kwenye mtihani natafuta pointi.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniweka katika njia ninayoieleza hapa. Alikuwa amefikiri sawasawa mara zote mbili. Mara ya pili alifikiri juu yetu sisi, akapima tabia yetu, akafikia hitimisho sahihi kwamba anayerudisha maneno ya mwalimu haanguki.

Msomaji asiyejua vyuo vya nchi yetu anapaswa kuelewa silabusi ni nini. Ni kijitabu cha mwalimu mwenyewe, kilichochapwa au kutolewa kopi, ambacho mwanafunzi hukinunua. Zaidi ya mara moja wizara imekataza kuwalazimisha wanafunzi kukinunua, na zaidi ya mara moja mambo yamerudi yalivyokuwa, kwa sababu mshahara wa mwalimu ni mdogo na mara nyingi unachelewa. Silizungumzii hili kwa kumdharau yeyote, kwani najua nyumba ambamo fedha ya silabusi ndiyo iliyolipa karo ya watoto. Nasema kinachotokea kichwani mwa mwanafunzi. Maktaba ina vitabu vichache, megabaiti za simu ni ghali, umeme ni wa kubahatisha. Katika somo zima ana kitabu kimoja, na aliyekiandika ndiye aliyemuuzia, ndiye atakayemtahini, ndiye atakayesahihisha. Hata angetaka kukitilia shaka, ashike wapi? Ili umshuku shahidi mmoja unahitaji wa pili. Watu husema kufikiri kwa uhakiki ni suala la ujasiri, na ni kweli kwa sehemu, ila kabla ya ujasiri kuna jambo la kawaida kabisa: kuwa na maandishi mawili yanayopingana mezani kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nilitafuta maandishi mawili, nikayapata karibu na nyumbani.

Nyangwe iko kusini mwetu, juu ya Lualaba hiihii, si mbali na Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa upande wa wafanyabiashara wa pwani walioitwa Waarabu, akina Dugumbe, waliwafyatulia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni wakikimbilia mitumbwi. David Livingstone alikuwepo. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa rangi ya mimea ya hapa. Baadaye aliyaandika upya yote kwenye daftari safi, na baada ya kifo chake mwaka 1873 rafiki yake Horace Waller aliyahariri na kuyachapisha mwaka 1874. Habari ya Nyangwe ilipofika London iliwapa nguvu waliokuwa wakitaka soko la watumwa la Unguja lifungwe, nalo likafungwa mwaka 1873.

Kwa zaidi ya miaka mia moja dunia ilisoma lile toleo safi. Yale magazeti yalikuwa yamefifia, hayasomeki. Kisha mwaka 2011 kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki lilitumia picha za miale ya rangi mbalimbali likayasoma, na ikaonekana kwamba toleo la kwanza na la pili hayafanani kila mahali. Katika lile la siku ileile mna mambo kuhusu watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe, na shaka juu ya mwenendo wao, ambayo katika maandishi ya baadaye yamepungua au yamegeuzwa sura.

Niliwagawia wanafunzi muhtasari wa yote mawili kwa Kifaransa, nikawaambia: shahidi ni mmoja, maelezo ni mawili, fanyeni kazi.

Sijawahi kuona darasa kama lile. Kijana wa Kasongo, kutoka familia ya waungwana, alisimama akiwa na hasira ya kweli. “Mama, watu wa pwani ndio waliotuletea mchele na dini. Unataka tuwachukie babu zetu?” Mwenzake, ambaye kwao ni Wagenya wa mtoni, hakungoja nimjibu: “Waliozama walikuwa wetu.” Wangeweza kuishia hapo, kila mmoja na kaburi lake. Waliendelea, kwa sababu karatasi zilikuwa mbele yao na zilidai kusomwa. Kijana wa Kasongo aligundua kwamba toleo la baadaye liliwafaa waliotaka kuonyesha ubaya wa Waarabu, na kwamba Mzungu naye alikuwa na kitu cha kuficha. Mgenya akamwuliza kama hilo linapunguza hata maiti moja. Akakubali kwamba halipunguzi. Halafu binti mmoja aliyekuwa kimya akauliza wale wanawake wa sokoni walisema nini, waliookoka. Hatuna gazeti lao wala daftari lao. Tulibaki na swali hilo, na sijui swali zuri zaidi lililowahi kuulizwa katika somo langu.

Angalia kilichotokea pale. Hakuna aliyeacha kabila lake wala dini yake. Kijana wa Kasongo alitoka akiwa bado mjukuu wa watu wake, akijua jambo zaidi kuwahusu, jambo linalouma. Sioni namna nyingine ya kuwapenda wazee wetu tukiwa watu wazima.

Nilisema hofu ina historia. Ina tarehe pia. Mwezi Januari 1960, miezi michache kabla ya uhuru, katika Chuo Kikuu cha Lovanium kilichofunguliwa mwaka 1954 huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanafunzi wa teolojia Tharcisse Tshibangu alisimama mbele ya mkuu wa kitivo chake, padri Alfred Vanneste, wakajadiliana hadharani kama inawezekana kuwe na teolojia ya Kiafrika. Mwanafunzi alisema inawezekana. Mkuu wa kitivo alisema teolojia ikiwa ya kweli ni ya watu wote, haina bara. Hoja za wote wawili zilichapishwa mwaka huohuo, na wanateolojia wa Afrika wanazirejea hadi leo. Mwanafunzi hakufukuzwa. Akawa profesa, akawa rekta, akawa askofu. Nikiwasomea wanafunzi wangu kisa hiki wanaketi wima. Hawakuwa wakijua kwamba katika nchi yetu mwanafunzi alishawahi kumpinga mkuu wa kitivo na hilo likawa chanzo cha heshima yake.

Kilichofuata wanakijua zaidi, hata wasiojua tarehe. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa na wanajeshi wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka waliokufa, waliandikishwa jeshini kwa amri ya Rais Mobutu, na mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi vikaunganishwa kuwa kimoja cha serikali, hadi 1981. Kizazi kizima kilijifunza kwamba swali la mwanafunzi linaweza kujibiwa kwa bunduki. Kizazi hicho ndicho kilichotufundisha sisi. Walimu wangu wengine walikuwa watu wenye akili kali waliozoea kufikiri kimya, na ukimya wao niliuchukua kuwa ndiyo elimu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa ni desturi yetu kutouliza, namwuliza desturi ya tangu lini. Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akaandika kana kwamba watu wote wa kijiji wanafikiri kwa kichwa kimoja. Alikuwa na nia njema na alituheshimu kuliko wengi wa wakati wake, lakini picha ile imetuganda. Mkenya Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliijibu kwa njia rahisi: alikwenda vijijini kuwauliza wazee, mmoja mmoja, kwa majina yao. Aliwakuta wengine wanaoeleza vizuri yale ambayo jamii yao inayasema, na wengine wanaoyapima, kuyakataa na kutoa sababu. Kitabu chake juu ya wenye hekima hao kilitoka mwaka 1990.

Hapa Maniema hatukuhitaji kwenda mbali. Warega wa Pangi wana mutanga, kamba iliyofungwa vitu vidogovidogo, ganda, mfupa, unyoya, kipande cha kibuyu, na kila kitu kina methali yake. Katika shauri mtu hushika kitu kimoja na kusema neno lake, na mwingine anaweza kushika kingine kumjibu. Katika Bwami, chama chao kikubwa ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948, sanamu moja inaweza kubeba maana kadhaa kulingana na mahali na mtu aliyeishika, na anayefundwa hupaswa kuzifikia hatua kwa hatua. Hiyo ni shule ya kufasiri. Mtoto aliyekulia karibu na kamba ile anajua kwamba methali moja haimalizi neno, kwa sababu ameona methali ya pili ikishikwa.

Nikija kwenye dini, lazima nimtaje baba. Wanafunzi wake walihifadhi, na walihifadhi kwa sauti kiasi kwamba nilijua sura kadhaa kabla ya kujua herufi. Siwezi kuungana na wanaodharau kuhifadhi. Baba alipenda kusimulia habari inayosimuliwa juu ya Imam Ghazali, kwamba akiwa kijana alirudi kutoka masomoni, wanyang'anyi wakamvamia njiani na kuchukua mizigo yake pamoja na madaftari. Akawafuata akiwaomba wamrudishie madaftari yake tu, kwa sababu ndimo ilimo elimu yake. Mkuu wao akamwuliza: unadaije kuwa unajua, ikiwa tukikuchukulia makaratasi unabaki huna kitu? Ghazali alirudi kwao Tus akahifadhi yote aliyoyaandika.

Baba aliishia hapo. Mimi, nilipokua na kusoma zaidi, niligundua kwamba Ghazali hakuishia hapo. Mtu huyuhuyu aliyehifadhi aliandika baadaye, katika kitabu chake cha al-Munqidh, kwamba aliona watoto wa Wakristo wakikua kuwa Wakristo, wa Mayahudi Mayahudi, na wa Waislamu Waislamu, akajiuliza yeye mwenyewe anaamini kwa sababu gani zaidi ya kuzaliwa pale alipozaliwa. Akaitilia shaka elimu aliyopokea, kisha macho yake, kisha hata misingi ya akili. Alikaa karibu miezi miwili katika hali hiyo, na anasema wazi kwamba hakutoka humo kwa hoja, alitolewa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Nampenda kwa kusema hivyo. Alipewa nuru baada ya kuuliza hadi mwisho wa uwezo wake, na hakujifanya kwamba hoja zilifika mahali ambapo hazikufika.

Kabla yake yuko Ibrahim. Katika Qur'ani anamwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama hajaamini, anajibu kwamba anaamini ila anataka moyo wake utulie, na anaonyeshwa kwa ndege wanne. Katika kitabu cha Mwanzo anasimama mbele ya Mungu akiutetea mji, akishuka kutoka watu hamsini wema hadi kumi. Katika vitabu vyote viwili aliyeulizwa hakukasirika. Nikiwa nasahihisha, na nikikuta mwanafunzi amenipinga, na damu ikanipanda kidogo kama inavyompanda kila mwalimu, huwa nakumbuka kwamba Mwenyezi Mungu aliulizwa na mtu akajibu.

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu wa madrasa kama baba yangu, alivuka mto kuja kuniona. Nilimpa kiti, akakaa, akauliza habari za nyumbani kwanza kama inavyopasa. Kisha akasema: “Mama, mtoto wangu anarudi nyumbani na maswali. Sikatai maswali. Lakini mtu akiuliza kila kitu, atasimama wapi?”

“Papa,” nilimwambia, “amekuuliza nini?”

“Ameniuliza kama ningezaliwa kwa Wakatoliki ningekuwa nani.”

Nilimwuliza alimjibu nini. Alisema alimwambia anyamaze, kisha usiku hakulala, kwa sababu alijua ni swali la Ghazali. Alikijua kitabu kuliko mimi. Tuliongea muda mrefu. Hakukubaliana nami katika yote, na hoja yake ina uzito ambao sitaki kuuficha: kijana wa miaka kumi na tisa, mbali na kwao, bila chakula cha uhakika, hana nguvu za kubomoa nyumba anayoishi ndani yake. Ghazali alipoanza kushuku alikuwa tayari amebeba elimu nyingi kifuani. Kwa sababu ya maneno ya mzee yule nimebadili utaratibu. Sasa naanza mwaka kwa kuwahifadhisha, ndiyo, mimi mwalimu wa mantiki: aina za hoja, mifano, makosa ya kawaida ya kufikiri, kwa kichwa, kwa sauti. Maswali ya Nyangwe yanakuja baadaye, wakiwa na kitu cha kushika.

Na mtihani nimeubadili. Mwanafunzi anaandika kwanza hoja kali kuliko zote dhidi ya msimamo wake mwenyewe, kama alivyofanya Tomaso wa Akwino, aliyefungua kila suala kwa hoja za wapinzani na kuzipa nguvu zake zote kabla ya kujibu. Akinakili silabusi anapata nusu ya alama, hazidi hapo. Akiipinga silabusi kwa sababu anazoweza kuzitetea, karatasi yake inasomwa pia na mwenzangu, ili nisiwe mtuhumiwa na hakimu kwa pamoja. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huu wengi waliogopa, wengine walilia. Kijana mmoja aliandika kurasa tatu kuonyesha kwamba mfano wangu wa mtumbwi unawaonea watu wa sayansi. Alipata kumi na saba.

Kijana huyo alinifuata ofisini na swali lake mwenyewe. Alitaka kujua itakuwaje akipata kazi, Punia au Kibombo au kwingineko, akamwuliza mkubwa wake kama alivyoniuliza mimi, na mkubwa akamfukuza.

“Anaweza kukufukuza,” nilimwambia. Hilo linatokea kila siku na sikuona haki ya kumficha. Nilimshauri amwulize mkubwa faraghani kabla ya hadharani, awe na ushahidi wake kwenye karatasi, na asiende peke yake ikiwa yupo mwingine mwenye swali hilohilo.

Akafikiri kidogo. “Na wewe, Mama? Kuhusu vitabu na silabusi, wakubwa wako umewauliza?”

Nilimwambia kwamba iko barua, imesainiwa na mimi na wenzangu watatu, inaomba kila somo liwe na angalau kitabu cha pili maktabani na kila karatasi inayompinga mwalimu isomwe na mtu wa pili. Iliingia ofisini mwezi Novemba na bado haijajibiwa. Akaomba kuiona nakala yake. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kwa nini wanafunzi hawakuombwa kuisaini, kisha akachukua kalamu yangu mezani.